Kidonda Chenye Picha: Tatuu Mpya katika Joto la Texas

Swali ambalo Waafrika Mashariki wa Fort Worth, Arlington, Dallas na Houston huulizana mara mmoja wao anapotoka kuchorwa tatuu ni hili: ipakwe nini ili ipone haraka? Swali hilo lina mantiki yake, kwa kuwa mtu aliyezaliwa katika nyumba ambamo kila jeraha lilikuwa na dawa yake hawezi kuamini kwa urahisi kwamba kidonda kinaweza kupona bila kupakwa kitu cha maana. Hata hivyo, limeanzia mahali pasipofaa. Tatuu nyingi zinazoharibika mikononi mwa watu waangalifu huharibika kwa sababu ya kupakwa mno, kusuguliwa mno na kuloweshwa mno, na ni chache zinazoharibika kwa kuachwa zikae. Sura hii inaeleza sababu za jambo hilo, kisha inatazama mambo mawili ambayo maelekezo ya kawaida ya madukani huyagusa kwa juu tu, nayo ni maji ya Texas na ngozi nyeusi. Iwapo kuchora tatuu kunafaa au hakufai kidini ni suala lenye wenyewe misikitini na makanisani, na halitajadiliwa hapa.

Kutoka chale hadi sindano ya umeme

Watu wa Afrika Mashariki si wageni wa kuchora ngozi. Kiswahili kilikuwa na maneno chale, tojo na nembo kabla ya neno tatuu kuingia, na Wamakonde wa kando zote mbili za mto Ruvuma walijulikana kwa nembo za usoni na mwilini zilizochanjwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa masizi ili zibaki na weusi. Katika chale, kovu ndilo linalotafutwa: ngozi ikituna, kazi imefanikiwa, na kwa hiyo kukisugua kidonda dawa au majivu, au hata kukichanja tena, hakukuwa kosa bali ilikuwa sehemu ya ufundi.

Tatuu ya mashine hutaka kinyume cha hayo. Mashine ya kwanza ya umeme ilipewa hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, huko New York mwaka 1891, na kanuni yake haijabadilika sana: sindano hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, hutoboa ngozi ya juu, na kuingiza wino katika ngozi ya ndani, kiasi cha milimita 1 hadi 2 kwenda chini. Ngozi ya juu hujibadilisha yenyewe kila baada ya mwezi mmoja hivi, na kama wino ungebaki huko, picha ingeondoka pamoja na taka za mwili. Wino ulioshuka chini zaidi humezwa na seli za ulinzi ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kula uchafu na vijidudu. Seli hizo huumeza wino lakini hushindwa kuusaga, nazo hukaa nao palepale. Mwaka 2018 wanasayansi wa Ufaransa walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli ya namna hiyo inapokufa huutapika wino wake, na jirani yake huudaka na kuumeza upya, jambo linaloeleza kwa nini picha hudumu wakati seli zenyewe hazidumu.

Kwa hiyo, tatuu mpya ni eneo lenye maelfu ya matundu madogo yaliyo wazi, na juu yake mwili unajitahidi kujenga paa jipya. Kovu likitokea, wino huvurugika na mistari hupoteza ukali wake. Mambo ambayo mchanjaji wa chale aliyakaribisha ndiyo mwenye tatuu anapaswa kuyaepuka, na huenda ndiyo maana ushauri wa wazee, ambao haukuwa na kosa kwa kazi yake, huleta madhara unapohamishiwa kwenye kazi nyingine.

Usiku wa kwanza na wiki zinazofuata

Mchora tatuu anapomaliza, hufunika eneo hilo kwa bandeji ya kawaida au kwa utando mwembamba unaong'aa, unaonata ngozini na kupitisha hewa huku ukizuia maji na vijidudu. Bandeji ya kawaida hutolewa baada ya saa chache au asubuhi inayofuata, ilhali utando unaweza kuachwa siku kadhaa kwa maelekezo ya aliyeuweka. Chini ya utando huo hukusanyika maji meusi yenye kuchukiza macho, mchanganyiko wa damu, wino na majimaji ya mwili, ambayo hayana ubaya wowote. Ubaya huanza pale pembeni panapofunguka na maji hayo kuvuja, kwa kuwa njia inayotoa maji ndiyo inayoingiza uchafu, na utando ulioanza kuvuja hautengenezwi bali hutolewa.

Kuosha kwa mara ya kwanza kunastahili kuelezwa polepole, kwa sababu hapo ndipo wengi huogopa na kupitisha maji juujuu. Mikono huoshwa kwanza, kisha povu la sabuni isiyo na manukato hutengenezwa kiganjani, na vidole, bila kitambaa chochote, hupita juu ya picha kwa miduara midogo katika maji ya uvuguvugu mpaka ule utelezi unaofanana na ute wa yai uishe. Utelezi huo ni majimaji yaliyoanza kuganda, na ukiachwa hugeuka usiku kuwa kigaga kinene ambacho hushikamana na shuka na kung'oka pamoja na wino. Ngozi hukaushwa kwa kubonyezwa taratibu na taulo la karatasi, kwa maana taulo la bafuni, hata likiwa safi machoni, limebeba nyuzi na bakteria wa wiki nzima.

Kuanzia siku ya nne au ya tano ngozi huanza kubambuka vipande vyembamba vyenye rangi ya wino, kama nyoka anayejivua gamba, na muwasho unaofuata ni mkali kuliko maumivu ya sindano. Kukuna hakufai, lakini kupiga eneo hilo kofi dogo kwa kiganja kisafi hutuliza. Katika wiki ya tatu picha huonekana imefifia na kufunikwa na ukungu, hali ambayo huwashtua wengi wakadhani wametapeliwa, ilhali ni ngozi changa ambayo bado haijakomaa. Kwa juu tatuu hupona katika wiki 2 hadi 4, lakini ngozi ya ndani huendelea na kazi yake kwa miezi kadhaa.

Mafuta ya mgando, Dettol na dodoki

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapogongana na tatuu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtu haogi akatoka bila kujipaka, na mwili usiong'aa baada ya kuoga huhesabiwa kuwa umepauka. Mwenye mazoea hayo akipata tatuu huipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni kwa unene uleule anaoupaka miguu, na matokeo yake ni kidonda kilichofunikwa bila kupumua, kinacholowana chini ya mafuta, chenye vigaga laini vinavyoteleza na kuacha mashimo meupe katika picha. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani kinashauri losheni yenye asili ya maji badala ya mafuta yatokanayo na petroli, kama hayo ya mgando, kwa maelezo kwamba mafuta hayo yanaweza kufifisha wino. Wachora tatuu wengi, kwa upande wao, hupendekeza malhamu yenye mafuta hayohayo kwa siku mbili tatu za mwanzo. Mvutano huo hauna haja ya kumsumbua msomaji, kwa kuwa pande zote mbili hukubaliana kuhusu kiasi: kitu chochote kinachopakwa kiwe kidogo kiasi kwamba ngozi haing'ai, na kisirudiwe mpaka ngozi ijisikie inavutika.

Dettol ni tatizo la pili. Wengi wamekulia katika nyumba ambazo kifuniko kimoja chake kilitiwa katika ndoo ya maji ya kuogea, na harufu yake peke yake ndiyo usafi. Dawa za kuua vijidudu za namna hiyo, pamoja na spiriti na haidrojeni peroksaidi, haziwezi kutofautisha kijidudu na seli changa inayojenga ngozi, na zikitumiwa kila siku hukichelewesha kidonda na kukikausha hadi kipasuke. Sabuni ya kawaida inatosha. Malhamu za antibayotiki zinazouzwa bila cheti cha daktari nazo si za kupakwa kama tahadhari tu, kwa sababu baadhi zina neomaisini, dawa inayojulikana kwa kusababisha mzio wa ngozi, yaani mwili kukikataa kitu kwa vipele na muwasho, na mzio huo ukitokea juu ya tatuu hufanana sana na maambukizi.

Dodoki, kwa upande wake, halihitaji maelezo marefu. Lisiguse eneo hilo kwa mwezi mzima. Mafuta ya nazi, asali, manjano, shubiri na mwarobaini vina sifa zake jikoni na katika tiba za nyumbani, lakini chupa iliyofunguliwa na kuchovywa vidole na familia nzima haina nafasi juu ya kidonda kilicho wazi.

Kwa ufupi: sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, losheni kidogo isiyo na manukato, na kati ya hayo mawili, mikono mbali.

Maji ya Galveston

Mwenye kuishi Houston huwa na bahari umbali wa kilomita 80 hivi, huko Galveston, na wakazi wa Dallas nao huteremka huko wakati wa likizo za kiangazi. Maji ya Ghuba ya Mexico, hasa yale ya ukanda ambako mito huchanganyika na bahari, huwa na bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, ambaye hustawi maji yanapopata joto, na kesi zake nyingi hutokea kati ya Mei na Oktoba. Kwa mtu mwenye ngozi nzima maji hayo ni ya kuogelea tu. Kwa mwenye kidonda hali ni tofauti.

Mwaka 2017 madaktari wa Dallas walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza taarifa ya mgonjwa waliyemhudumia katika hospitali ya Parkland. Mgonjwa huyo alikuwa amechorwa tatuu mguuni na siku 5 baadaye akaogelea katika Ghuba ya Mexico. Alifika hospitali siku chache baada ya kuogelea akiwa na homa, baridi na maumivu makali miguuni, na licha ya dawa na uangalizi wa chumba cha wagonjwa mahututi alifariki miezi miwili hivi baadaye. Tatuu peke yake haikumuua. Mgonjwa alikuwa na ugonjwa sugu wa ini, na ini lililoharibika hupunguza uwezo wa mwili kumdhibiti bakteria huyo.

Jambo hilo la ini linawahusu wasomaji wa kitabu hiki kwa karibu kuliko linavyoonekana. Homa ya ini aina B imeenea katika Kongo ya mashariki na katika nchi jirani, na wengi walioambukizwa utotoni huishi miaka mingi bila dalili. Wakimbizi wanaofika Texas kwa kawaida hupimwa ugonjwa huo katika uchunguzi wa afya wa miezi ya mwanzo, na majibu hutolewa kwenye karatasi ambayo mara nyingi huishia katika bahasha moja na hati nyingine za kuwasili. Mwenye bahasha hiyo afanye vyema kuifungua kabla ya kuchorwa na si baada. Wenye kisukari na wenye kinga dhaifu wako katika kundi hilohilo la hatari.

Maziwa ya kaskazini, kama Grapevine na Lewisville, hayana chumvi ya bahari, lakini nayo ni maji yasiyosafishwa, na bwawa la kuogelea la jengo la kupanga lina klorini inayokausha ngozi changa pamoja na jasho la wapangaji wote. Kuoga kwa bomba la mvua kunaruhusiwa. Kujizamisha katika beseni au bwawa kusubiri wiki 3 au 4. Maji ya mafuriko ni hatari kuliko yote, na Houston, mji uliopitia kimbunga Harvey mwezi Agosti 2017, hauhitaji kuelezwa jinsi maji taka yanavyoweza kupanda hadi sebuleni.

Maji ya bombani pia hupata hitilafu. Wakati wa baridi kali ya Februari 2021 wakazi wa Houston na wa sehemu za Fort Worth walitangaziwa kuchemsha maji, na Houston ilitangaziwa tena mwezi Novemba 2022. Tangazo la namna hiyo likitoka, maji ya kuoshea tatuu nayo huchemshwa na kuachwa yapoe katika sufuria yenye mfuniko, kama ya kunywa.

Wekundu usioonekana

Karatasi ya maelekezo anayopewa mteja dukani humwambia aangalie wekundu unaoenea, kwa kuwa wekundu ni dalili ya maambukizi. Maelekezo hayo yameandikwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi damu inayokusanyika chini haionekani nyekundu. Huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya zambarau iliyokolea, na mara nyingi haionekani kabisa kando ya wino mweusi. Mtu anayesubiri wekundu anaweza kusubiri mpaka mguu umevimba.

Mkono ndio unaosaidia kuliko jicho. Mgongo wa kiganja huwekwa juu ya tatuu, kisha juu ya sehemu ileile ya upande wa pili wa mwili, na joto hulinganishwa. Siku mbili za kwanza tatuu huwa na joto zaidi, na hilo ni la kawaida. Joto linaloongezeka siku ya tatu au ya nne, ngozi inayong'aa kwa kuvutwa na uvimbe, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni dalili zinazoaminika zaidi. Njia nyingine ni kuzungushia ukingo wa uvimbe mstari wa kalamu na kutazama baada ya saa chache kama uvimbe umeuvuka.

Suala jingine ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya jeraha lililolizaa. Watu wenye asili ya Afrika hulipata zaidi kuliko watu wengine, na kifua, mabega, sehemu ya juu ya mgongo na masikio ndiko hupendelea kuota. Si kila mweusi hulipata, na woga uliozagaa kwamba ngozi nyeusi haifai tatuu hauna msingi. Mwongozo mzuri ni historia ya mtu mwenyewe: aliyetoboa masikio yakaota vinundu, au mwenye mama au kaka wa namna hiyo, ana sababu ya kuzungumza na daktari wa ngozi kwanza na kuepuka kifua na mabega. Keloidi huweza kuchelewa miezi kadhaa, kwa hiyo kupona vizuri kwa mwezi wa kwanza si uthibitisho wa kutosha.

Wino mwekundu nao unahitaji neno moja. Miongoni mwa rangi zote ndio unaosababisha mizio mingi zaidi, ambayo huonekana kama sehemu nyekundu za picha peke yake zikiwa zimetuna na kuwasha, pengine miezi au miaka baadaye.

Jua, jasho na zamu ndefu

Mwaka 2011 eneo la Dallas na Fort Worth lilikuwa na siku 71 ambazo joto lilifika au kupita nyuzi 38 za Selsiasi, na Houston huongeza unyevu juu ya joto kama hilo. Kinga ya jua ya kupaka haipakwi juu ya kidonda kibichi. Mpaka ngozi ifunge, kivuli na nguo pana ya pamba ndiyo kinga. Anayefanya kazi katika ghala la mizigo au katika nyumba ya kulelea wazee, ambako mikono hugusa maboksi au wagonjwa kwa saa 12, angefanya vyema kuchorwa mwanzo wa siku zake za mapumziko, na, kama hana historia ya keloidi, kuchorwa begani badala ya mkononi.

Leseni ukutani

Texas hutoa leseni kwa duka na si kwa mchoraji mmoja mmoja. Inayoitoa ni Idara ya Huduma za Afya ya jimbo, na sheria hairuhusu kumchora mtu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu ya kufunika tatuu ya zamani kwa idhini ya mzazi, wala kumchora aliyelewa. Dallas ina historia yake katika fani hii: desturi ya kuchora tatuu ndogo za bei ya chini kila Ijumaa inayoangukia tarehe 13 ilipata umaarufu katika mtaa wa Deep Ellum, ambako mwaka 2008 mchora tatuu Oliver Peck alichora tatuu 415 ndani ya saa 24, yaani chini ya dakika 4 kwa kila moja. Tatuu ndogo ya dakika 4 huhitaji utunzaji uleule wa tatuu ya saa 4, ingawa wengi hudhani vinginevyo.

Anayechorwa sebuleni kwa rafiki hupoteza mengi zaidi ya leseni. Vituo vya damu humtaka asubiri miezi 3 kabla ya kuchangia, ilhali aliyechorwa katika duka lenye leseni Texas kwa kawaida hasubiri. Leseni nayo haikingi kila kitu: katika mji wa Rochester, New York, mwaka 2011 na 2012, watu 19 walipata vipele sugu kwa sababu ya bakteria aliyekuwa ndani ya wino wenyewe. Vipele vinavyoota ndani ya sehemu za rangi moja tu na kukataa kuondoka baada ya wiki kadhaa si vya kutibiwa kwa losheni.

Kwenda hospitali

Dalili zifuatazo hazisubiri kesho:

- homa au baridi ya kutetemeka;
- usaha, au harufu mbaya;
- michirizi inayopanda kutoka kwenye tatuu, au uvimbe unaovuka mstari wa kalamu;
- malengelenge makubwa meusi au ya zambarau, au maumivu makali kupita kile kinachoonekana.

Wasio na bima hupokelewa Parkland huko Dallas, JPS huko Fort Worth, na Ben Taub huko Houston, ambazo ni hospitali za umma za kaunti zao. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinapaswa kutoa mkalimani bila malipo, na Kiswahili hupatikana kwa simu hata usiku. Mtoto wa mgonjwa hapaswi kugeuzwa mkalimani. Jambo la kwanza la kumwambia muuguzi wa mapokezi, kabla hata ya kufunua mguu, ni tarehe ya kuchorwa, kisha kama kidonda kiliingia baharini na siku gani, kisha hali ya ini. Tatuu ataiona mwenyewe, lakini bahari na ini hazionekani kwenye ngozi, na hayo mawili ndiyo yanayoamua dawa ipi ianze kuingizwa mshipani kabla majibu ya maabara hayajarudi.